Tairi pana za nyuma zinakwaruza madigadi: tafuta inapogusa kabla hujawasha grainda

Nianze na ujinga wangu mwenyewe ili tuelewane. Gari yangu ni Mark II GX110, ilikuja na tairi 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) kwenye rimu ya upana wa inchi 6 na nusu, ofuseti 50 (umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye gari, namba ikipungua rimu inatoka nje). Nikanunua rimu za sipoti za inchi 17, upana inchi 8, ofuseti 35, nikavalisha 225/45. Siku ya kwanza natoka Soweto ya hapa Mbeya naenda Uyole niko peke yangu, gari kimya kabisa, nikajua nimepatia. Jumamosi nikabeba watu wanne tunaenda msibani Tukuyu, tuta la kwanza tu KRAAAP, mama mmoja nyuma akasema "baba, gari lako limekatika?" Niliona aibu aisee.

Nikaipeleka kwa fundi bodi mmoja, akainama kama sekunde kumi hivi, akasema "hapa dawa ni kukata tu bosi", akawasha grainda. Akakata mdomo wa madigadi pande zote mbili. Kesho yake nikapakia watu tena, KRAAAP ileile. Kumbe kilichokuwa kinagusa ni skrubu ya pembe ya bampa ya nyuma, pale bampa inapokutana na madigadi kwa ndani kuna kisikio cha plastiki na skrubu yake vimechomoza, kitu cha spana namba 10, dakika tano. Na mvua zilivyoanza buti langu likawa kisima, ila hilo ntalirudia huko chini.

Kwa hiyo humu nikisema "mdomo wa madigadi" namaanisha ule ukingo wa bati uliokunjwa kwa ndani juu ya tairi, na nikisema "tumbo" ni lile bati la ndani linalozunguka tairi, upande wa pili wake ni buti na siti ya nyuma.

KUJUA INAPOGUSA

Sauti inadanganya. Bati linasambaza mlio, utasikia kama iko kulia kumbe ni kushoto. Chukua chaki ya shule, iloweshe kidogo, paka mdomo wote wa madigadi, paka tumbo kwa juu, paka kila kichwa cha skrubu unachokiona, na paka ukuta wa ndani wa tairi kule kwenye shokapu. Afu pakia. Sio kupakia kwa mawazo, pakia kweli, mi nilitumia gunia mbili za viazi kwenye buti na vijana watatu siti ya nyuma, tukapita matuta ya njia ya Tukuyu taratibu, tukarudi. Ukifika kagua chaki imefutika wapi na tairi ina alama wapi. Alama ikiwa begani kwa nje ya tairi, tatizo ni mdomo au bampa. Ikiwa katikati ya kashata za tairi, inagonga juu ya tumbo. Ikiwa ukuta wa ndani, hapo ni shokapu au mkono wa sasipensheni na usiendelee kuendesha.

Kama unataka uhakika zaidi, toa springi, rudisha shokapu na tairi, afu pandisha kwa jeki ndogo chini ya mkono wa sasipensheni mpaka ile raba ya mwisho, inayozuia sasipensheni isipande zaidi, iguse. Hapo unaona kwa macho tairi inapoishia ikipanda mpaka juu. Fanya hivyo sehemu tambarare, na Mbeya tambarare ni ya kutafuta, gari ikae kwenye stendi sio kwenye matofali, na tairi za mbele zizibiwe mawe. Springi usiitoe kama hujawahi, ile kitu ina nguvu, inatoa meno.

HESABU KIDOGO KABLA YA KULAUMU BATI

Watu wanasema "nimeongeza tairi kidogo tu, 205 kwenda 225" kana kwamba ndo hesabu yote. Hizo ni milimita 20 za upana, 10 kila upande, hazitishi. Kinachotisha ni rimu. Kutoka inchi 6.5 kwenda 8 ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38, gawa mbili ni 19 kila upande. Ofuseti kutoka 50 kwenda 35 inasukuma rimu nje milimita 15 nyingine. Kwa hiyo ukingo wa nje wa rimu yangu umetoka 34 zaidi ya mwanzo, na kwa ndani umeingia 4 tu. Ningechukua rimu ileile ya inchi 8 yenye ofuseti 45 ningetoka nje 24 na kuingia ndani 14. Milimita kumi hizo ndo tofauti kati ya kukunja mdomo na kukata gari.

Na angalia kimo pia. 205/55R16 ina kimo cha milimita 632 hivi. 225/45R17 ni 634, karibu sawa. Lakini mtu akikuuzia 225/55R16 kwa sababu "ndo zilizopo", hiyo ni 654, tairi imepanda milimita 11 juu kwenye tumbo na spidi mita itakudanganya, ikisoma 100 wewe uko kama 103. Kabla hujakata bati, kama umekosea saizi, badilisha tairi. Mzee mmoja fundi bodi wa Mafiati, huyu ndo aliyenirekebishia gari baadae, nilimsalimia shikamoo nikamweleza, akacheka akaniambia "mwanangu, bati ukishalikata halirudi dukani, tairi inarudi."

DALILI NA SABABU ZAKE

Inakwaruza kwenye matuta ukiwa umepakia, ukiwa mwenyewe kimya. Hii ndo ya watu wengi. Elekeza macho kwenye vitu vitatu kwa mpangilio huu: skrubu na kisikio cha bampa, plastiki au kapeti ya ndani ya madigadi kama gari yako inayo (ikilegea inaning'inia na kulamba tairi, inatoa mlio kama wa kupasua karatasi), halafu mdomo wenyewe. Lakini kabla hata ya hivyo pima springi. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya kifuniko cha rimu kwenda juu mpaka mdomo wa madigadi, kushoto na kulia, gari ikiwa tupu. Tafuta gari kama yako yenye springi nzima upime na yenyewe. Gari zetu hizi zimebeba mahindi, zimebeba viazi, zimebeba harusi, springi zimekaa chini zamani na mwenye gari anadhani ndo kimo chake. Kama umeshuka sentimita tatu kwa uchovu wa springi, springi nzima zinakumalizia kelele bila kugusa bati. Na kama uliikata springi kwa makusudi ili ikae chini, basi ndugu yangu jibu unalo.

Inakwaruza kwenye kona tu. Kona za Kitonga, au zile za kupanda njia ya Chunya. Gari ikilala upande, tairi ya nje ya kona inapanda ndani ya madigadi. Kama ni kidogo sana na umebeba, kawaida. Kama iko hata ukiwa mwenyewe, shika tairi gari ikiwa juu, itikise kushoto kulia na juu chini, ikicheza ni bushi za mikono au beringi ya gurudumu. Angalia na fimbo ndogo za stabilaiza kama hazijakatika, zikikatika gari inalala kama boti. Gari za ekseli nzima kama Hiace zina tabia yake, bodi inasogea pembeni juu ya ekseli, kwa hiyo upande mmoja unagusa nje na mwingine unagusa ndani kwa wakati mmoja, usichanganyikiwe.

Inakwaruza upande mmoja tu. Hapa usikate kitu hata kama umebembelezwa. Tairi na rimu ni zilezile pande zote, kwa nini upande mmoja? Weka kamba yenye uzito, iache ining'inie kutoka kwenye ukingo wa madigadi, pima umbali mpaka tairi, linganisha pande mbili. Ikizidi milimita tano hivi tofauti, kuna kitu kimehama. Gari iliwahi kugongwa nyuma na ikanyooshwa kwa macho, au bushi imekufa upande mmoja, au mkono umepinda kwa kuingia shimo. Kwa Hilux Surf zile za springi za mviringo nyuma kuna fimbo ndefu ya pembeni inayoshika ekseli isihame, ukiinua gari au kuishusha ile fimbo inavuta ekseli upande mmoja, ni kawaida yake, dawa ni fimbo ya kurekebishika urefu. Mi niliwahi kuona mtu amekata madigadi ya kulia tu ya Surf, gari limekaa kama limeng'atwa.

Ilikuwa kimya miezi, leo ghafla inakwaruza. Upepo kwanza. Tairi yenye upepo mdogo inavimba ukuta pembeni. Upepo ukiwa sawa, inama na tochi uangalie springi kwa chini kabisa, mzingo wa mwisho huwa unakatika na mtu hajui, anasikia tu "tak" siku moja akipaki.

Inalia muda wote, hata gari ikisukumwa kwa mkono. Inagusa ndani. Shokapu, springi, mkono wa juu, au waya wa sensa ya ABS umetoka kwenye kishikio chake. Hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu ukuta wa tairi ni mwembamba, chuma inaukata kidogo kidogo afu unapasuka ukiwa unashuka Iwambi na malori nyuma yako. Lazima kidole kizima kipite kati ya tairi na chuma chochote kwa ndani. Kisipopita, weka spesa nyembamba (kisahani cha kuweka kati ya rimu na habu, pale rimu inapofungwa, kuisogeza nje) au badili rimu, ila kukata hapa hapana, kule ndani juu ndo shokapu imeshikia.

Harufu ya raba na unyoya mweusi umejaa kwenye madigadi. Umeshachelewa kidogo, tairi inachongwa. Pitisha mkono begani kwa tairi, ukikuta mfereji au nyuzi zimeanza kuonekana hiyo tairi usiirudishe nyuma wala mbele wala spea, itupe.

Gari inatetemeka kuanzia 80 hivi baada ya kuweka spesa. Hii inachanganywa na kukwaruza kwa sababu mtu anasikia mngurumo nyuma. Tundu la katikati la rimu nyingi za sipoti ni kubwa kuliko habu. Habu ya Mark II kama yangu ni milimita 60.1, rimu ina 73, rimu inabaki inaning'inia kwenye nati peke yake na haikai katikati. Tafuta pete za kujazia. Na hesabu mizunguko ya nati: stadi za Toyota (bolti za habu zinazoshika nati) ni 12 kwa 1.5, nati inatakiwa iingie angalau mizunguko 8 kamili. Umeweka spesa na nati inaingia mizunguko minne? Toa leo. Hata kama ni saa mbili usiku, toa. Na spesa ileile inasukuma tairi nje irudi kukwaruza mdomo, kwa hiyo watu wanazunguka tu hapohapo.

UKISHAJUA NI MDOMO KWELI

Hapa ndo ngazi zinaanza, na unapanda moja moja. Ngazi ya kwanza, toa skrubu ya bampa, kata kile kisikio cha plastiki kilichochomoza, fungia bampa sehemu nyingine juu kidogo. Ngazi ya pili, punguza tairi: 215/45R17 kwenye rimu ileile inakupa milimita tano hivi kila upande na kimo kinashuka mpaka 625. Vijana wanavalisha 195 kwenye rimu ya 8 ivutike, mi sipendi, kwa mashimo yetu haya rimu inabaki uchi na shimo la kwanza linaila. Ngazi ya tatu ni kemba, kulaza tairi kidogo juu iingie ndani. Digrii moja inakupa kama milimita 5 kwa juu. Ukizidisha tairi inaliwa upande wa ndani wakati nje bado inang'aa, na hutaijua mpaka ipasuke.

Ngazi ya nne ni kukunja mdomo. Ule ukingo umesimama kwa ndani kama sentimita moja na nusu, ukiukunja ulale juu unapata nafasi karibu yote hiyo bila kuondoa bati. Kuna mashine yake inafungwa kwenye habu, ina gurudumu la plastiki ngumu, unaizungusha kidogo unakaza kidogo. Usipoipata wengi hapa wanatumia bomba la maji lililofungwa nguo nzito, au mchi wa kinu, wanauweka kati ya tairi na mdomo gari inasukumwa taratibu. Inawezekana, nimefanya, mchi wenyewe niliazima nyumbani bila kuomba na nikaurudisha na rangi ya gari, kesi ile haijaisha. Ila mchi hauna kipimo, ukizidi madigadi inavimba kwa nje.

Kitu kikubwa kwenye kukunja ni joto. Rangi ikiwa ya baridi inapasuka kama ganda la yai, na huku kwetu asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba bati ni barafu. Puliza hewa ya moto, tembeza usikae sehemu moja, mpaka kiganja kishindwe kukaa juu yake. Kunja robo, pasha tena, kunja robo. Mi nilipasua upande wa kushoto kwa haraka ya saa moja asubuhi, upande wa kulia nilisubiri jua la saa saba na hata alama hakuna. Ikipasuka usiache, hata ufa wa kama unywele, sugua na msasa, praima, rangi, la sivyo kutu inaanza ndani ya msimu mmoja.

Kabla hujakunja, kwa ndani ya mdomo kuna silanti ngumu ya kiwandani (gundi ya kuziba maungio), ikivunjika ndo maji yanapata njia. Kwangua iliyopasuka, kunja, afu paka mpya.

KUKATA, KAMA HAKUNA NAMNA

Madigadi ya nyuma sio bati moja. Ni mawili, bati la nje la bodi na bati la tumbo, yanakutana pale mdomoni na kuunganishwa na nukta za kuchomelea za kiwandani. Yule fundi wangu wa kwanza alipokata mdomo wote alikata na zile nukta, mabati mawili yakaachana, gari ikawa wazi katikati kama mfuko. Ndo maana maji yaliingia, na kiangazi vumbi la njia ya Chunya likawa linatoka kwenye spika za nyuma.

Jinsi mzee wa Mafiati alivyonirekebishia, na ndo ilitakiwa iwe hivyo tangu mwanzo. Alifungua buti akatoa kapeti na plastiki zote. Akatoa waya hasi wa betri. Akakagua upande wenye mdomo wa tenki, lile bomba la kujazia mafuta linapita nyuma ya tumbo, akalifungua kabisa akaziba tundu la tenki kwa kitambaa cha maji na plastiki, hapo ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto viko pembeni. Waya wa handibreki na bomba la breki akavisogeza. Ukimwona fundi anawasha grainda hapo bila kugusa bomba la mafuta, chukua gari yako uondoke.

Kisha bati la tumbo likapasuliwa mipasuo mifupi kila sentimita tatu nne, vile vipande vikagongwa juu mpaka vikalala kwenye bati la nje, hapo nafasi imeshapatikana, na ndipo yakachomelewa pamoja. Alichomelea nukta moja huku, moja kule mbali, akapumzika, kwa sababu ukivuta mstari mmoja mrefu joto linakunja bati la nje na utahitaji puti kilo nzima na rangi ya upande mzima. Akasaga, akapaka praima ya zinki, akaweka silanti kwa nje na kwa ndani ya buti, akaiacha ikauke siku nzima maana baridi ya huku inachelewesha, afu lami ya chini ya gari juu yake. Kule juu kwenye kishikio cha shokapu na kwenye mkanda wa siti hakugusa.

Kujua kama umeziba vizuri: mtu mmoja alale ndani ya buti na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira kwenye tumbo kwa dakika kumi. Wa vumbi ni rahisi zaidi, washa taa kali nje usiku, ukiona nyota ndani ya buti bado.

Baada ya hapo tairi zirudi, nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, na ukitembea kama kilomita 50 hadi 100 uzikaze tena. Alaimenti ifanyike na nyuma pia, GX110 nyuma inarekebishika, wasikuambie mbele tu.

Mi gari yangu sasa iko kimya, matuta yote mpaka Igawilo. Imebaki sehemu moja, nikiwa na watu watano na mikungu ya ndizi nikitoka Tukuyu kuna tuta moja lazima iguse kidogo kushoto. Nimepaka chaki, ni ile raba ya bampa tu. Nikifika hapo namshusha mmoja anatembea.